Gauti sio nyama tu, tuongelee na juisi

Ukimwambia mtu wa hapa Dar kwamba una gauti, swali la kwanza ni nyama. "Punguza nyama choma kaka", "hiyo ni bia hiyo", na ukisema bia hujawahi kunywa anakuangalia kama unamficha kitu. Mimi nakaa Temeke, pombe situmii, nyama ya ng'ombe nyumbani kwetu ni ya Ijumaa na sikukuu, siku zingine ni maharage, mchicha, samaki, na bado kidole gumba cha mguu kinavimba usiku, kinakuwa chekundu, kinawaka moto mpaka shuka likikigusa natamani kupiga kelele. Wenye ugonjwa huu wanajua naongea nini.

Sasa nataka niongelee kitu ambacho watu hawakiulizi kabisa na mimi naona kwa sisi wa pwani ndo kikubwa, yani juisi. Juisi ya kusaga nyumbani, juisi ya miwa barabarani, juisi ya jagi kwenye shughuli. Maana huku kwetu mtu anaweza kumaliza wiki hajaona nyama lakini hamalizi siku hajashika kitu kitamu cha baridi, na joto la Dar la Januari na Februari unalijua.

Kwanza tuelewane ugonjwa wenyewe. Gauti, au jongo kama wengine wanavyoita, inakuja pale asidi ya yuriki inapozidi kwenye damu. Mwili unaitengeneza ukivunja vitu vinaitwa purini, na purini nyingi wala hazitoki kwenye sahani, karibu theluthi mbili zinatoka ndani kwetu wenyewe, seli zikifa na zingine kuzaliwa, chakula kinaleta kama theluthi moja tu. Kazi ya kuitoa ni ya figo kupitia mkojo. Figo zikitoa kidogo, au inayotengenezwa ikawa nyingi, inabaki inajaa, na ikipita kama miligramu 6.8 kwa desilita haiyeyuki tena vizuri, inafanya kama sukari uliyozidisha kwenye chai iliyopoa, inatuama. Inatuama kwenye maungio, hasa ya mbali yenye ubaridi kama kidole gumba cha mguu, inakuwa vichembe vyembamba vya ncha kali, na siku kinga ya mwili ikivishtukia ndo usiku huo huna usingizi. Daktari anataka namba yako iwe chini ya 6, maabara zingine wanaandika kwa kipimo kingine, mikromoli kwa lita, hapo ni chini ya 360, ni kitu kilekile.

Mimi yangu ilikuwa haishuki. Nilishapewa ile karatasi ya vitu vya kuacha, maini, figo, utumbo, nyama nyekundu, dagaa, bia, na dagaa ndo niliona uchungu kuwapunguza maana ni mboga ya kila siku lakini ni kweli wana purini nyingi. Nikafuata. Namba ikasogea kidogo ikaganda. Halafu siku moja kliniki nikakutana na dada mmoja wa lishe, yeye hakuanza na chakula, akauliza, "Kaka, kutwa unakunywa nini?" Nikamtajia, asubuhi juisi ya embe au pasheni nyumbani maana mama watoto anasaga kila siku, mchana miwa pale kituoni, jioni tena kilichobaki kwenye friji. Akawa anaandika pembeni gramu gramu. Akanigeuzia karatasi nisome mwenyewe. Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kusoma hii habari kila napopata nafasi na ndo maana naandika, kwa sababu najua wako wengi wameacha nyama mpaka wamekonda na mguu bado unawauma na jagi liko mezani.

Iko hivi. Ndani ya matunda kuna sukari za aina tofauti, kuna glukosi, kuna fruktosi, na kuna ile sukari ya kawaida, ambayo ukiivunja ni nusu glukosi nusu fruktosi. Glukosi hailisukumi ini kutengeneza asidi ya yuriki namna hii, mwenye shida ni fruktosi. Ikifika kwenye ini inashughulikiwa haraka haraka bila kizuizi, na kila inaposhughulikiwa ini linatumia ATP ambayo ndo nguvu inayoendesha seli. Ikija nyingi kwa mkupuo, ATP inatumika kwa kasi kuliko inavyorudishwa, mabaki yake yanavunjwa na kuvunjwa tena, na mwisho wa hiyo njia ni asidi ya yuriki. Yani hujala purini hata punje, lakini ini lako limeitengeneza kutokana na kinywaji, na ndani ya muda mfupi tu damuni inaonekana imepanda. Hapo ndo ukaona kwa nini kula embe na kunywa embe ni vitu viwili. Embe dodo moja ukilikata, ukatafuna, ukasugua kokwa kwa meno, limekuchukua muda na tumbo limesikia. Glasi kubwa ya juisi nzito inaweza kubeba maembe mawili, inaisha wakati mwenzio bado anatafuta kiti, na ini linapokea yote kwa wakati mmoja.

Na wala sio maneno ya mtaani. Kuna utafiti mkubwa Marekani uliofuatilia wanaume zaidi ya elfu 46 wa kada za afya, madaktari wa meno, wafamasia, madaktari wa mifugo na wengine, kwa miaka 12. Mwaka 2004 yakatoka matokeo ya chakula, waliokula nyama nyingi zaidi walikuwa na hatari ya kupata gauti asilimia 41 juu ya waliokula kidogo zaidi, na vyakula vya baharini asilimia 51. Hayo ndo yaliyoenea dunia nzima mpaka kwenye ile karatasi niliyopewa mimi. Lakini mwaka 2008 watafiti wawili, Choi na Curhan, ambao walikuwemo hata kwenye ule wa kwanza, wakatoa kwenye jarida la BMJ matokeo ya vinywaji kwa wanaume walewale. Soda za sukari mbili au zaidi kwa siku, hatari juu kwa asilimia 85 kuliko wanaokunywa chini ya moja kwa mwezi. Juisi ya matunda, glasi mbili au zaidi kwa siku, asilimia 81. Soda zisizo na sukari hazikuonyesha kitu. Halafu 2010 wakaangalia wanawake, mwelekeo ukawa uleule. Asilimia 81 ya juisi na asilimia 41 ya nyama, halafu karatasi inakataza nyama na kwenye juisi iko kimya, hili linaniuma kwa kweli.

Ni vizuri niseme pia kwamba wale ni Wamarekani na juisi zao sio zetu, na kufuatilia watu namna ile hakuthibitishi moja kwa moja kwamba hiki kimesababisha kile. Hata matunda mazima kama machungwa na matufaa kwenye utafiti uleule yalionyesha kusogeza hatari juu. Mimi sijaacha matunda na sitamwambia mtu aache, tunda zima lina nyuzi, lina maji, linashibisha, na huwezi kula machungwa sita ya Muheza kwa mkao mmoja kila siku, ila kuyanywa unaweza na watu wanayanywa.

Tuje kwenye vinywaji vyenyewe sasa.

Miwa ndo nianze nayo maana ndo inayodanganya kuliko zote. Unaona mua unaingia kwenye mashine mbele ya macho yako, kijana anatia tangawizi na ndimu, hakuna kopo hakuna kiwanda, unajiambia hii ni ya asili haina neno. Juisi ya miwa karibu asilimia 13 mpaka 15 ni sukari. Glasi ya mililita 300 ni gramu kama 40. Soda ya chupa ya mililita 350 ni gramu kama 37. Yani vinalingana kabisa, na nusu ya hiyo sukari ni fruktosi. Ndimu na tangawizi vinabadilisha ladha, sukari iko palepale. Mimi hii nimeiweka kwenye kundi moja na soda, na kama mtu una gauti na unataka kuanza na kitu kimoja tu cha kuacha, anza na hii.

Embe nalo kwa uchungu mkubwa, hasa msimu ukifika kuanzia Novemba na maembe ya Mkuranga yanajaa soko la Stereo mpaka yanamwagwa chini. Gramu 100 za embe bivu zina sukari kama gramu 14, na embe lina fruktosi nyingi kuliko matunda mengi tuliyonayo, kwa hiyo glasi moja nzito bila hata kuongeza sukari inakupa fruktosi sawasawa na soda. Na sisi tunaongeza sukari! Embe limeiva linadondoka utamu na bado mtu anachota vijiko vitatu vya sukari anatia kwenye blenda. Hii tabia naomba tuiache hata wasio na gauti.

Nanasi la Kiwangwa lina gramu kama 10 kwa kila 100, tikiti kama 6, papai kama 8, pasheni yenyewe kama yenyewe ni 11 lakini kwa kuwa ni chachu inamezwa na sukari ya mezani. Nachofanya nyumbani ni hivi, nanasi au pasheni inasagwa bila sukari, halafu kwenye glasi inaingia robo tu ya juisi na robo tatu maji ya baridi na barafu, tangawizi kidogo. Wiki za kwanza ulimi unalalamika, baadae unazoea na ile juisi ya shughuli unaiona tamu mpaka inakera. Na hiyo glasi ni moja, sio kila mlo.

Ukwaju, ubuyu na rozela navipenda kwa sababu sukari yote iko mikononi mwako. Ukwaju wenyewe una sukari nyingi kwenye nyama yake, hilo lijulikane, ila kwa kuwa mchachu hivyo unahitaji nyama kidogo tu kwa jagi la maji, tatizo ni kile kilo ya sukari inayofuata. Mama watoto sasa anachemsha rozela na iliki na karafuu mbili na kipande cha mdalasini, inapoa, inaingia friji, na hizo harufu zinafanya ulimi usidai sukari sana. Ubuyu anakoroga ule unga mweupe kwenye maji, anachuja. Ule ubuyu mwekundu uliopikwa na sukari na rangi ni pipi ile, nao una ladha yake kweli lakini usijiambie unakunywa vitamini.

Madafu ndo faraja yangu. Dafu lina maji mengi na sukari ndogo, mililita 300 unaweza kupata gramu 8 mpaka 15 kutegemea na dafu lenyewe, hiyo ni chini ya nusu ya miwa. Yule jamaa wa baiskeli anaepita mtaani kwetu ananijua, ananichagulia lenye maji mengi. Ila kuna neno hapa, na ni zito. Wengi wenye gauti figo zao nazo zina hitilafu, na dafu lina potasiamu nyingi, glasi moja tu inaweza kufika miligramu 600. Figo nzima inaitoa bila shida, figo iliyochoka inashindwa, na potasiamu ikizidi damuni inaharibu mapigo ya moyo. Kwa hiyo kabla hujayafanya madafu kuwa maji yako ya kunywa, pima figo, muulize daktari, usitegemee maneno yangu.

Na parachichi msilisahau. Halina sukari ya kusema, ukilisaga na maziwa yaliyopunguzwa mafuta au mtindi bila kutia sukari unapata kitu kizito kinachoshibisha, na maziwa kwenye ule utafiti wa 2004 yalikwenda upande mzuri, waliotumia zaidi vitu vya maziwa walipata gauti kidogo zaidi. Utaniambia halina utamu, tia ndizi nusu.

Sasa kuna maneno nayasikia sana na yananitia hasira kwa sababu watu wanaumia. Moja, "sukari ya matunda haina madhara". Ini halijui fruktosi imetoka kwenye embe au kwenye chupa. Lingine ni hizi juisi za kusafisha mwili, mtu ana shambulio mguu umevimba anauziwa chupa ya mchanganyiko wa nanasi na beetroot na asali anaambiwa inatoa sumu, na asali yenyewe ni fruktosi kwa wingi. Ukiwa na shambulio kunywa maji, weka barafu kwenye kitambaa, inua mguu, nenda hospitali wakupe dawa ya uvimbe inayokufaa. Na lile la ndimu, wengine wanaogopa wakisema una asidi unaongeza asidi, wengine wanasema ndimu inaponya. Uchachu wa ndimu mwili unauvunja na mkojo haupati asidi zaidi kwa sababu hiyo, kwa hiyo maji ya ndimu bila sukari hayana ubaya na yanakusaidia kunywa maji mengi, ila usiyape kazi ya dawa. Vitamini C nayo hivyohivyo, kwa mtu ambae tayari ana gauti inashusha namba kidogo mno, madaktari wa maungio wa Marekani kwenye mwongozo wao wa 2020 hawashauri kuitumia kama tiba ya gauti. Ukitaka vitamini C kula pera, gramu 100 zina zaidi ya mara nne ya chungwa.

Dawa ndo dawa. Alopurinoli, ile ya kushusha asidi ya yuriki, inaanzwa kwa dozi ndogo, miligramu 100 au chini ya hapo, inapandishwa taratibu huku unapima mpaka namba ifike chini ya 6, na ukishaanza huachi hata siku ya shambulio isipokuwa daktari akuambie. Ukitokwa na vipele mwilini baada ya kuianza rudi hospitali siku hiyohiyo. Kama unatumia kolchisini, ile dawa ya kutuliza shambulio, karatasi yake inakataza balungi, maana balungi linaweza kufanya dawa ibaki mwilini kwa wingi na kolchisini ikizidi ni sumu. Na kama una presha na unameza vidonge vya kukojosha, mwambie daktari habari ya gauti, vile vidonge vingine vinapandisha asidi ya yuriki na anaweza kukutafutia aina nyingine. Usiviache mwenyewe.

Kubadilisha friji yangu haikuwa kazi kubwa, kazi kubwa ni watu. Huku kwetu mgeni hajakaribishwa mpaka ashike glasi. Nikienda ukweni, mama mkwe anatoka jikoni na trei, na juisi ya mama mkwe haikataliwi. Mwanzo nilikuwa nakunywa naumia baadae. Siku hizi namwambia kwa adabu kabla hajasaga, "Mama shikamoo, leo naomba unipe maji tu ya mtungini, mguu haunipi raha." Akaniuliza, "Kwani juisi na mguu wapi na wapi mwanangu?" Nikamueleza kama nilivyoeleza hapa, kwa ufupi. Sasa akiniona tu ananitengea kipande cha papai kwenye kisahani na maji ya baridi, na yeye mwenyewe kapunguza sukari kwenye jagi kwa ajili ya sukari yake ya damu. Kwenye harusi napokea glasi, nakunywa fundo moja mbele ya wenye shughuli, inatosha, hakuna anaekuhesabia.

Ramadhani ndo panahitaji mpango, kwa sababu kutwa hujanywa maji, mkojo umekolea, halafu adhana tu inalia mtu anabeba tende tano na glasi mbili za juisi kwa pamoja. Tende moja ndogo ina sukari kama gramu 5, tende mbili au tatu kwa ajili ya sunna haina shida, ila baada ya hapo mimi nafuata maji, glasi mbili taratibu, naswali, narudi kwenye uji na futari. Juisi ikija inakuja baada ya tarawehe, ile ya robo kwa robo tatu. Na usiku mpaka daku nakunywa maji kidogo kidogo, sio kujaza tumbo mara moja, manake mashambulio mengi yanakuja usiku wa manane kuelekea asubuhi na mwili mkavu unayakaribisha.

La mwisho ni birimbi, nimeona niseme kwa sababu ndugu zangu wa Zanzibar na Tanga wanao mibirimbi uwani na kuna mtu aliniambia juisi yake inashusha kila kitu, presha, lehemu, gauti. Kwenye mchuzi au achari vipande viwili vitatu ni sawa. Juisi yake ya kukamua ni hatari. Birimbi lina oksaliti nyingi mno, yani kitu kinachoganda vichembe ndani ya figo, na kule Kerala, India, mwaka 2013 madaktari waliandika kuhusu wagonjwa 10 waliokunywa juisi ya birimbi figo zikafeli ghafla, wengi wao wakahitaji kusafishwa damu kwa mashine. Mwenye gauti figo ndo anazozitegemea zitoe hiyo asidi. Kama kuna mzee nyumbani anakamuliwa birimbi kila asubuhi, mwambie leo.